Shangazi wa Jikoni: Mtoto Kawashwa na Gimbi, Sasa Hataki Hata Kuliona

Barua za mwezi huu zimerundikana upande mmoja: magimbi, viazi lishe, na mizizi mingine ambayo watoto wa sasa hawajaizoea. Kabla ya kupumzika nyumbani nilipika kwa miaka mingi katika chekechea moja hapa Tanga, kwa hiyo habari ya mtoto aliyefunga mdomo mbele ya sahani naijua kwa karibu, na naijali sana. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi mmeniuliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 4. Ramadhani iliyopita tulialikwa kufuturu kwa jirani, akapewa gimbi la nazi. Alipotafuna kidogo akaanza kulia, anashika ulimi, anasema kuna miiba. Tangu siku hiyo akiliona gimbi anaziba mdomo kwa mikono miwili. Desemba tunakwenda kwa wakwe zangu Tukuyu. Huko magimbi ni chakula cha asubuhi, na mama mkwe ameshawaambia majirani kwamba mjukuu anakuja. Baba yake anasema nimlazimishe tu, atazoea. Nifanyeje? (Mama wa Mmoja, Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Usimlazimishe. Na kabla ya jambo lolote, mkalishe mtoto umwambie hivi: "Ulisema kweli. Lile gimbi lilikuwa halijaiva, ndiyo maana lilikuchoma." Mtoto anahitaji kusikia kwamba mlimwamini. Alisema kuna miiba, na miiba ilikuwepo.

Ndani ya gimbi bichi, na vilevile kwenye majani na mabua yake, mna fuwele nyembamba sana za kalsiamu oksaleti, zenye ncha kali. Macho hayazioni, lakini ulimi na koo huzipata. Moto wa kutosha huondoa ule muwasho, moto wa haraka hauondoi. Mtu mzima akikutana na gimbi lililoiva nusu hukunja uso, akanywa chai, yakaisha. Mtoto wa miaka 4 hana mazoea hayo, na chakula kilichomuumiza mara moja mwili wake hukikataa kwa muda mrefu hata yeye mwenyewe akitaka kukisamehe. Ukimshika kidevu ukamlisha leo, unamwongezea kumbukumbu mbaya ya pili juu ya ile ya kwanza. Baba yake mwambie nimesema hivyo, na nimesema kwa heshima.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni yako, na iko jikoni.

Sokoni chagua gimbi zito, gumu mkononi kutoka kichwa hadi mkia, lisilobonyea popote. Mwombe muuzaji alikate kidogo kichwani uone ndani: pawe peupe au pawe na nyuzi za zambarau, pasiwe na madoa ya kahawia wala harufu ya kuchacha. Haya yetu ya soko la Ngamiani hushuka kutoka milima ya Usambara, nami hununua siku yaliyoshushwa, udongo ukiwa bado una unyevu. Yale yaliyokaa mezani juani siku nyingi siyataki kwa chakula cha mtoto.

Ukifika nyumbani usilioshe kabla ya kulimenya. Maji yakigusa ule ute, kisu kinateleza na mikono inawasha hadi kwenye viwiko. Limenye likiwa kavu, mikono yako umeipaka mafuta ya kupikia, toa ganda kwa unene, ndipo ulioshe. Lakini kwa nyumba yenye mtoto aliyekwisha kuwashwa, mimi napenda njia nyingine: sugua udongo kwa brashi, suuza, chemsha gimbi zima na ganda lake. Likiiva, ganda linabanduka kwa vidole na hakuna mkono unaowasha.

Maji yawe mengi ya kulifunika, na yachemke kweli. Gimbi la ukubwa wa ngumi mimi hulipa dakika 40 hadi saa nzima, lakini usiiamini saa peke yake. Lichome kwa kisu katikati, kisu kiingie mpaka mwisho bila kukwama. Kisha likate vipande viwili ulitazame. Lililoiva hubadilika rangi, likawa la kijivu au la zambarau hafifu na unyevunyevu wa kung'aa. Ukiona katikati pamebaki peupe na pakavu, lirudishe sufuriani. Maji ya kuchemshia yamwage, usiyafanye mchuzi, maana gimbi lina pia oksaleti inayoyeyuka, na sehemu yake hubaki humo. Mwisho chukua kipande cha katikati kabisa, utafune wewe, ukae kidogo. Ulimi wako ukitulia, ndipo chakula hicho kiwe cha mtoto.

Na hapa niseme neno kuhusu gimbi la nazi, kwa sababu naamini ndiko mwanao alikoumizwa. Wapishi wengi huyatia magimbi mabichi moja kwa moja kwenye tui, halafu wanapunguza moto ili tui lisikatike. Nje yanalainika, ndani bado mabichi. Adhana inakaribia, watu wana njaa, sufuria inaepuliwa. Yachemshe kwanza kwa maji, mwaga, ndipo utie tui la pili, lile jepesi, na kitunguu na chumvi. Tui zito liingie mwisho, ukikoroga taratibu mpaka lipate moto bila kutokota kwa nguvu. Ndimu kamulia ukishaepua. Pilipili iache nzima ielee, na sehemu ya mtoto ipakuliwe kabla haijapasuka.

Sasa mtoto mwenyewe.

Majuma ya kwanza gimbi liwe lenu ninyi wakubwa. Liwekwe mezani, mle, mzungumze mambo mengine, msimtazame yeye. Watoto wa kati ya miaka 2 na 6 ndio wanaoogopa vyakula vigeni kuliko umri mwingine wowote. Si ukaidi, ni hatua ya kukua. Watafiti wa lishe ya watoto wamekuta tena na tena kwamba chakula kipya huweza kuhitaji kuonjwa mara 8 hadi 15 kabla mtoto hajakikubali, na kwamba wazazi wengi hukata tamaa mapema zaidi, kwenye mara ya 3 au ya 5, wakasema "huyu hapendi". Kwa mtoto aliyeumia, jipe muda mrefu kuliko huo. Una miezi mpaka Desemba, anza sasa.

Akishazoea kuliona, chukua gimbi lililokwisha kuiva kabisa, likate kwa umbo la chipsi, likaange kwenye mafuta ya moto mpaka kingo zikauke. Mtoto wa Dar anaijua chipsi, hiyo tayari ni nusu ya safari. Weka kipande kimoja pembeni ya samaki wake na wali wake. Kimoja tu. Akikisogeza, acha. Akikinusa, amepiga hatua. Akikiramba akakirudisha, amepiga hatua nyingine kubwa, nawe usipige makofi wala vigelegele. Mpe kitambaa mkononi na umwambie kwamba akionja asipokipenda anaweza kutema humo bila kugombezwa. Nimeona watoto wengi wakithubutu kuonja siku walipojua kwamba kutema kunaruhusiwa.

Mambo matatu nakukataza kabisa. Usilisage ukalificha ndani ya maandazi ukamwambia ni maandazi ya kawaida. Mtoto huyu tayari ameshatiliwa shaka mara moja aliposema anaumia, akigundua amedanganywa atashuku hata maandazi. Usimwambie "kula gimbi upate soda", kwa kuwa unamfundisha kwamba soda ni zawadi na gimbi ni adhabu ya kuifikia. Na usimwache ale biskuti saa kumi na moja jioni halafu umkalishe mezani saa moja umlaumu kwamba hana hamu.

Wewe mzazi unachagua kinachopikwa, saa ya kula na mahali pa kula. Kinachoingia tumboni na kiasi chake mwachie yeye. Baba watoto akilikubali hili, meza yenu itatulia.

Kuhusu mama mkwe, mpigie simu sasa, usingoje mfike. "Mama, shikamoo. Mjukuu wako aliwahi kuwashwa na gimbi, hivi sasa namzoesha polepole. Nakuomba umpikie la kwako liive sana, na akiligusa kidogo tu tufurahi." Bibi akishirikishwa tangu mwanzo anakuwa mwenzako, na bibi wa Tukuyu anajua kupika gimbi kuliko mimi na wewe. Mwombe pia ampeleke mjukuu kule bondeni au kwenye migomba yanakoota, amshike mkono walichimbue pamoja, walibebe, waliweke jikoni. Mtoto aliyechimbua kitu kwa mkono wake hukitazama kwa jicho jingine. Asitafune jani wala bua, na anawe mikono kabla ya kugusa macho.

Na ikitokea akawashwa tena popote pale, mpe maziwa baridi anywe polepole. Midomo au ulimi ukivimba, au akashindwa kumeza au kupumua, mkimbize hospitali, usingoje.

Hujambo Shangazi. Binti yangu yuko PP2, darasa la pili la chekechea. Nyumbani anakula nduma (ndiyo magimbi yenu) na chai bila shida. Juzi nikamwekea vipande kwenye mkebe wake wa chakula, wenzake wakamcheka wakasema anakula udongo. Sasa anataka mkate na soseji kila siku, na nyumbani pia nduma ameikataa. (Mama Kifunguamimba, Ruiru)

Sijambo, mwanangu. Pole kwa binti, najua umeumia pia. Mtoto wako hakuchukia nduma, amechukia kuchekwa, na dawa yake iko shuleni.

Zungumza na mwalimu, si kwa kulalamika. Mwombe siku moja darasa zima lionje nduma pamoja, wewe ulete iliyopikwa. Katika chekechea yetu tulikuwa na mtoto wa fundi baiskeli aliyependa magimbi kwa dhati. Nilikuwa namkalisha katikati ya wale waliokataa, namwekea vipande vyake, naondoka. Alikuwa anakula huku miguu ikining'inia chini ya benchi, anachovya kwenye mchuzi wa dagaa, anaramba kidole. Sikuwaambia wenzake neno. Baada ya muda mkono mmoja unanyoosha, "nipe kidogo", halafu wa pili. Watoto wadogo hufuata midomo ya wenzao kuliko maneno ya mwalimu, na hilo ndilo lililomwangusha binti yako, ndilo litakalomwinua.

Wale waliocheka usiwakasirikie. Hawajawahi kuiona nduma ikiwa imetoka kwenye ganda lake, na ya baridi kwa kweli haivutii: inakaza, inakuwa kijivu. Kwa mkebe wa shule ikate nyembamba jioni, asubuhi ipake siagi uikaushe kwenye kikaango mpaka iwe ya dhahabu, iache ipoe kabla ya kufunika ili isitoe jasho. Weka na kitu ambacho wenzake wanakijua, yai au ndizi. Nyumbani usiitaje kwa majuma mawili hivi. Mleni ninyi na chai yenu, yake iwe pale kwenye sahani ya kati.

Shangazi, nimepata marando ya viazi lishe, nimepanda, nimevuna vizuri. Mke wangu anasema vina maji, si viazi vya kushibisha. Mtoto wetu wa miaka 3 anauliza mbona kiazi kina rangi ya karoti, anakirudisha. Nimeambiwa vina vitamini, lakini kama hakuna anayekula, faida iko wapi? (Baba, Sengerema)

Baba, hongera kwa mavuno. Jambo lako ni zuri, usiliache.

Ile rangi ya chungwa ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga ya mwili. Viazi vyetu vyeupe vina kidogo sana. Kwa aina nyingi za viazi lishe, gramu 125 za kiazi kilichochemshwa, yaani kiazi kimoja kidogo, zinatosheleza mahitaji ya vitamini A ya siku nzima kwa mtoto mdogo. Ndiyo sababu mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani walipewa Maria Andrade, Robert Mwanga wa Uganda na Jan Low, watatu wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi waliohangaika na kiazi hiki Afrika, pamoja na Howarth Bouis aliyesukuma wazo la kuongeza virutubisho ndani ya mazao yenyewe.

Mkeo naye ana haki. Sisi watu wazima tunapenda kiazi chenye unga, na aina nyingi za rangi ya chungwa zina maji zaidi. Lakini aina hazilingani. Ejumula na Kabode na nyinginezo kila moja ina ladha yake, kwa hiyo msimu ujao ulizia kwa bwana shamba aina yenye unga zaidi kabla ya kuchukua marando. Kwa hivi ulivyovuna, visiingie sufuriani siku hiyohiyo. Viweke kivulini penye hewa siku kadhaa, utamu unaongezeka. Usivizamishe kwenye maji. Viweke na maganda yake, maji kidogo chini, funika kwa majani ya mgomba na mfuniko mzito, viive kwa mvuke. Mkeo ataona tofauti.

Mtoto amekupa njia mwenyewe: kasema karoti. Basi usimpinge. Mwambie ndiyo, kina rangi ya karoti, hebu tuone kama na utamu ni wa karoti. Mpe mkononi kipande cha moto kidogo, avunje mwenyewe. Kiponde na karanga zilizosagwa au tui kidogo, si kwa ladha tu: mwili hauichukui vizuri beta-karotini bila mafuta. Usimwambie kamwe kwamba ni dawa. Mtoto wa miaka 3 akisikia dawa, mdomo umefungwa.

Na kwa kuwa uko Usukumani, nikuombe jambo moja. Mkitengeneza michembe au matobolwa ya viazi hivi, msivianike kwenye jua kali siku nzima kama vile vyeupe. Mwanga na jua hula ile karotini. Vianikeni kivulini penye upepo, na vikikauka vikae ndani ya chombo kisichopitisha mwanga, msivikalishe miezi mingi.

Dada, habari za Tanga. Mjukuu wangu ana miezi 7. Sisi tulilea kwa ndizi na magimbi. Binti yangu anasema gimbi ni zito kwa mtoto, anataka unga wa kopo wa dukani tu. Nani ana haki? (Bibi, Machame)

Njema dada yangu. Kwa uzito wa gimbi, haki ni yako. Chembe za wanga wa gimbi ni ndogo mno, na hiyo ni sababu mojawapo ya kumeng'enyika kwa urahisi. Huko Hawaii gimbi lililoiva hupondwa na maji likawa uji mzito unaoitwa poi, na watoto wachanga wamekuwa wakilishwa huo kwa vizazi. Miezi 6 ndio umri wa kuanza vyakula, kwa hiyo mjukuu amefika.

Lakini binti yako ana wasiwasi wa haki pia, na naomba umsikilize. Gimbi lililochemshwa, katika gramu 100 lina wanga karibu gramu 35, ila protini ni nusu gramu tu. Mtoto akishibishwa gimbi peke yake tumbo linajaa na mwili unakosa cha kujengea. Kwa hiyo liponde likiwa limeiva kupita kiasi, lilegeze kwa maziwa ya mama, na kila siku litembee na mwenzake: kiini cha yai kilichoiva, maharage yaliyotolewa maganda, dagaa waliosagwa laini. Hata ule mtori wa kwenu, kipande kidogo cha gimbi humo kinakaa vizuri, na nyama isagwe iliwe, isibaki kwenye bakuli la mama. Uzito wa chakula uwe wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Chumvi na sukari bado. Gimbi lianze peke yake siku mbili tatu bila chakula kingine kipya, ili likimletea shida mjue ni lipi. Kunyonya kuendelee mpaka miaka 2 na zaidi.

Mpikie mbele ya binti yako, mpe aonje kabla ya mtoto. Nadhani hapo mtaelewana.

Shangazi, nisaidie haraka! Nimempa mwanangu wa miaka 5 bitiruti kwa mara ya kwanza, amekula nyingi kwa furaha. Leo mkojo wake ni wa pinki. Nimepata hofu. (Mama, Kihonda, Morogoro)

Ni rangi ya bitiruti yenyewe, mwanangu. Watu wengine hupitisha rangi hiyo kwenye mkojo, wengine hapana, na choo nacho huweza kuwa chekundu. Inapita yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Usimpe tena kwa siku hizo ili uone. Ikibaki wakati hajala, au akilalamika maumivu akikojoa, au ana homa, mpeleke akapimwe. La sivyo, umepata bahati: mtoto wa miaka 5 kula bitiruti nyingi kwa furaha si jambo la kila siku. Endelea kumpikia.

Dada, mimi ni mtu wa Unguja, nipo Leicester na familia. Wanangu wa miaka 6 na 9 wamezaliwa hapa, majimbi (ndiyo magimbi) hawayajui kabisa. Nataka wayajue kabla hatujaenda kwa bibi yao. Hapa nitayapata wapi, na nianze vipi? (Baba wa Wawili, Leicester)

Kaka, mji wako hauna shida hiyo. Ingia duka lolote la Kihindi uulizie arvi, utaoneshwa madogo yenye manyoya, ukubwa wa yai au pungufu. Maduka ya watu wa Karibiani huyaita eddoe, na yale makubwa yanayofanana zaidi na ya Unguja huitwa dasheen. Yapo pia yaliyomenywa na kugandishwa kwenye mifuko. Hayo ni mepesi kwa kazi, lakini mabichi ni mabichi: yachemshe kwa maji mengi mpaka yaive kabisa, usiyapashe moto tu kwenye maikrowevu.

Kwa watoto wako ningeanza na yale madogo. Yachemshe na maganda dakika 20 hadi 30, yapoe kidogo, kisha wape wao wenyewe kazi ya kuyabandua. Ganda linateleza lote kwa mara moja, na watoto wanaipenda sana kazi hiyo. Ute upo, usiwakataze kuushangaa. Yakate vipande, yakaange na kitunguu, bizari na chumvi mpaka yashike rangi, uwape na yai au samaki. Majimbi ya nazi yaje baadaye, wakishaizoea ladha yenyewe, kwa sababu tui zito ni jambo jingine jipya na mambo mapya mawili kwenye sahani moja ni mengi. Huyu wa miaka 9 ana umri wa kupika: mwachie akoroge tui la pili, wewe ushike lile zito.

Kwa bibi yao, wasifike wakiwa wamefundishwa kula sahani nzima. Wafike wakilijua jimbi kwa sura na kwa jina, na wawe wamekwisha kulionja. Zaidi ya hapo mwachie yeye na jiko lake.

Barua zenu niandikieni kama kawaida, na anayeuliza kuhusu mtoto aandike umri wake na vyakula anavyokula sasa, ndipo naweza kujibu vizuri. Mwezi ujao ni zamu ya mihogo: mitamu, michungu, na namna ya kuipika salama kwa watoto.